Ufadhili wa Masomo Ng'ambo: Kinacholipwa na Kinachobaki

Neno bourse, ambalo wanafunzi wa Lubumbashi, Bukavu na Kisangani hulitumia hata wanapozungumza Kiswahili, maana yake ya asili katika Kifaransa ni mfuko wa kutilia fedha. Kiswahili sanifu husema ufadhili, yaani wema anaotendewa mtu. Neno la kwanza latazama fedha, la pili latazama mtoaji. Hakuna hata moja linalomwambia mwanafunzi jambo analolihitaji zaidi, nalo ni mzigo utakaobaki mabegani mwa jamaa zake baada ya mfadhili kutoa chake. Makala haya yanaeleza misaada inayoweza kumfikia mwanafunzi wa Kongo anayetaka kusoma nje ya nchi, na yanaipima kwa kipimo hicho.

Kwanza yafaa kukumbuka kuwa ufadhili hufuata uhusiano wa serikali. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina sababu ya kulijua hilo kuliko vingine. Baada ya wanafunzi kushambuliwa na kuuawa mabwenini usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, Ubelgiji ilisimamisha ushirikiano wake na Zaire, na mipango mingi iliyotegemea ushirikiano huo ikakatika. Waliopotelewa na nafasi zao hawakuwa na kauli yoyote katika ugomvi wa wakubwa. Moscow nayo inatoa mfano wa namna yake: chuo kikuu kilichoanzishwa huko mwaka 1960 kwa ajili ya vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini kilipewa jina la Patrice Lumumba mwaka 1961, jina hilo likaondolewa mwaka 1992, kisha likarudishwa mwaka 2023. Anayeomba nafasi kupitia ubalozi, iwe wa Urusi, wa China au wa nchi nyingine yoyote, aelewe kwamba nafasi hiyo imo ndani ya mapatano yasiyomhusu yeye binafsi. Ndiyo sababu haifai kuegemea mlango mmoja.

Sasa tuje kwenye aina zenyewe. Ufadhili unaoitwa kamili haufanani kila mahali. Mpango wa Erasmus Mundus wa Umoja wa Ulaya, ulioanza mwaka 2004, humsomesha mwanafunzi shahada ya uzamili katika vyuo vikuu vya nchi mbili au zaidi. Katika awamu iliyoanza mwaka 2021, mfadhiliwa halipi karo, naye hupewa euro 1,400 kwa mwezi kwa muda usiozidi miezi 24. Kiasi hicho chaonekana kikubwa mpaka itakapojulikana kwamba nauli, viza, kodi ya chumba na chakula vyote hutoka humo, na kwamba anayehama kutoka nchi moja kwenda nyingine hujitafutia chumba kipya kila mara. Ubelgiji kuna njia mbili. ARES, taasisi inayounganisha vyuo vya Wabelgiji wasemao Kifaransa, hulipa nauli, karo, bima na posho, lakini kwa masomo iliyoyateua yenyewe tu, nayo hupendelea mtu mwenye shahada aliyekwisha kufanya kazi nchini mwake. VLIR-UOS ya upande wa Waflandria hufanya karibu vivyo hivyo, ila masomo yake mengi ya uzamili hufundishwa kwa Kiingereza. Chevening ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1983, hulipia uzamili wa mwaka mmoja na huomba uzoefu wa kazi wa miaka miwili. Wakongo wanaruhusiwa kuiomba. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola, ambao wengi huuchanganya nao, si wao, kwa kuwa Kongo si mwanachama; jirani yake Rwanda ilijiunga mwaka 2009.

Inaonekana, basi, kwamba milango mingi iliyo kamili haikuwekwa kwa ajili ya kijana aliyepata diploma ya serikali mwezi wa Julai. Imewekwa kwa ajili ya mtu mwenye shahada. Jamaa wanaouza kiwanja ili kumpeleka mtoto mwaka wa kwanza Ulaya hufanya hivyo kwa sababu hii hasa: katika daraja hilo misaada ni haba sana. Shauri la busara zaidi, ijapokuwa halipendwi, ni kumaliza shahada ya kwanza nyumbani kwa alama nzuri na kutoka baadaye.

Aina ya pili ni ufadhili wa sehemu. Mfano wake unaojulikana ni ule wa Eiffel wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Ufaransa. Mwanafunzi hauombi mwenyewe. Chuo cha Ufaransa kilichokwisha kumkubali ndicho kinachopeleka jina lake. Hutoa posho ya kila mwezi, nauli na bima, lakini haulipi karo. Vyuo vya umma huwasamehe wafadhiliwa ada ya kujiandikisha, ilhali shule za binafsi, hasa za biashara, zaweza kuidai yote. Tena ukomo wake wa umri ni mkali. Kwa mwanafunzi wa Kongo ambaye miaka yake imeliwa na migomo na kufungwa kwa vyuo, hilo si jambo dogo: anahesabiwa umri kana kwamba kalenda ya chuo chake ilikwenda sawa na ya Lyon.

Aina ya tatu haitajwi mara nyingi kuwa msaada, nayo ni punguzo la karo. Kwa miaka mingi, katika vyuo vikuu vya Ubelgiji ya Kifaransa, mwanafunzi aliyetoka katika nchi ambazo Umoja wa Mataifa unazihesabu kuwa maskini zaidi, Kongo ikiwa mojawapo, alilipa ada ya kawaida ya euro 835, wakati wageni wengine waliweza kudaiwa euro 4,175. Ni tofauti ya mara tano, nayo haikuhitaji barua ya mfadhili yeyote. Ufaransa ilielekea upande mwingine: kuanzia mwaka 2019 iliweka ada ya euro 2,770 kwa shahada ya kwanza na 3,770 kwa uzamili kwa wageni wasiotoka Umoja wa Ulaya, lakini vyuo vingi vikaendelea kuwasamehe kwa uamuzi wavyo, na uzamivu haukuguswa. Kwa hiyo vyuo viwili vya mji mmoja vinaweza kumdai mtu yule yule ada zisizolingana. Kanuni hizi hubadilika. Yapasa kukiuliza chuo chenyewe kwa maandishi, kwa mwaka unaohusika, na kuitunza barua ya majibu.

Gharama ambayo hakuna mfadhili anayeihesabu ni ile inayotangulia ufadhili. Pasipoti ya Kongo iliuzwa dola 185 tangu mwaka 2015, mpaka ilipoteremshwa kuwa 99 mwaka 2020. Hapo pana kuthibitisha vyeti, kuvitafsiri rasmi, kuvituma, na mtihani wa Kiingereza ambao ada yake ni takribani dola 200 au zaidi. Anayeishi Kalemie au Kindu huongeza safari ya Lubumbashi au Kinshasa, malazi, na siku za kungoja. Anayetaka kuanza shahada ya kwanza katika Ubelgiji ya Kifaransa hana budi pia kuomba diploma yake ilinganishwe na ya huko, na ombi hilo lina ada yake na kikomo chake cha tarehe 15 Julai, ambacho humkuta mwanafunzi wengi hawajapata hata matokeo. Fedha hizi zote hutoka kabla ya kujulikana kama ombi litakubaliwa, na hazirudishwi. Katika hatua hii ndipo wengi wenye uwezo wa akili huachwa nyuma, wala majina yao hayaonekani katika orodha ya walioshindwa, kwa kuwa hawakuomba. Baadhi ya vyuo vya ng'ambo humwondolea mwombaji ada ya maombi akiandika kueleza hali yake. Wachache tu hujua kwamba swali hilo laweza kuulizwa.

Ikifika zamu ya viza, ubalozi hutaka uthibitisho wa riziki. Mwenye ufadhili kamili huonyesha barua ya mfadhili, na mambo yakaisha. Asiye nayo hutafuta njia nyingine. Ujerumani hutaka akaunti iliyofungwa, ambayo mwanafunzi huruhusiwa kuchota humo sehemu kila mwezi. Kuanzia Septemba 2024 kiasi chake kilikuwa euro 11,904 kwa mwaka. Ubelgiji hukubali mdhamini anayetia sahihi fomu iitwayo kiambatisho cha 32. Fomu hiyo si barua ya adabu. Mjomba wa Bruxelles anayeitia sahihi amejifunga kisheria kulipa matunzo ya mpwa wake, matibabu yake, na hata gharama za kumrudisha nyumbani. Jamaa wengi wamekosana kwa sababu sahihi hiyo ilitiwa kwa huruma, bila kusomwa.

Wakati huo huo yako masomo ng'ambo ya mpaka yasiyovuka bahari. Chuo Kikuu cha Afrika, kilichoanzishwa na Umoja wa Afrika mwaka 2011, kina taasisi Tlemcen, Juja, Ibadan na Yaoundé, nacho huwafadhili wanafunzi wa uzamili na uzamivu. DAAD ya Ujerumani nayo hulipia masomo katika vyuo vya Afrika vilivyoteuliwa. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili upande huu una maana ya pekee. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Dar es Salaam, iliyotokana na TUKI, ina hazina ya maandishi ambayo haina kifani kwetu, na tangu Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, ni halali kuuliza kila chuo cha nchi wanachama kama Mkongo atatozwa karo ya mgeni au ya mwananchi. Bayreuth, Leipzig, London na Paris zina walimu wa lugha hii na majina makubwa. Lakini mtu anayechunguza Kiswahili cha Katanga au cha Kivu atalipiwa safari ya kwenda huko ili asome habari za watu aliowaacha nyumbani, kisha ataomba fedha nyingine za kurudi kukusanya data.

Kwa wahadhiri wasaidizi, njia inayopunguza hasara hiyo ni uzamivu wa zamu, ambao ARES na VLIR-UOS huufadhili: miezi kadhaa Ubelgiji, miezi kadhaa katika chuo cha nyumbani, chini ya wasimamizi wawili. Mtafiti hubaki karibu na uwanja wake, na kazi yake haimpotei. Ubaya wake ni kwamba anaporudi hupewa mzigo mzima wa kufundisha, na tasnifu hulala. Mkuu wa idara anayetia sahihi ombi la namna hii aandike humo humo idadi ya saa ambazo mtafiti ataondolewa. Ahadi ya mdomo haimfungi mkuu atakayemrithi.

Inabaki habari ya tarehe. Chevening kwa kawaida hufungua maombi mwezi wa Agosti, kwa safari ya Septemba inayofuata. Eiffel hufungwa Januari, lakini vyuo huchagua majina yao wiki kadhaa kabla ya hapo. Kwa hiyo anayetaka kuondoka Septemba anahitaji pasipoti, vyeti vilivyothibitishwa na barua mbili za walimu zikiwa tayari mkononi mwaka mzima kabla ya safari. Barua hizo za walimu ndizo pekee katika orodha yote ambazo chuo cha nyumbani kinaweza kuzitoa bila malipo na bila kuchelewa.