Upepo Katika Breki za Land Rover ya Zamani

Mkulima wa Kinangop anayeteremka Naivasha na magunia ya viazi mara nyingi huchukua pia watoto wa majirani nyuma ya gari. Wote hao wanategemea mafuta machache yaliyomo katika paipu nyembamba chini ya sakafu. Ikiwa gari lako ni Land Rover ya zamani, ile Series II iliyoanza kutengenezwa mwaka 1958, au IIA iliyofuata mwaka 1961, ujue kwamba nyingi kati yake zina njia moja tu ya mafuta kwa magurudumu yote manne. Paipu moja ikipasuka, breki zote za mguu hupotea pamoja.

Kuna mazoea mabaya katika skimu zetu. Dereva hukanyaga breki, pedali ikazama. Hukanyaga tena upesi mara mbili tatu, breki ikashika, naye akaendelea na safari yake akisema gari lake ndivyo lilivyo. Sivyo. Gari hilo lina ugonjwa, na mguu wako unaweza kukuambia ni ugonjwa gani kabla hujashika spana.

Chukua bomba la kudungia ng'ombe, bila sindano. Lijaze maji tupu, ziba mdomo kwa kidole, kisha sukuma. Halisogei. Sasa acha nusu yake iwe upepo, usukume tena: linaingia kama godoro. Maji na mafuta hayakubali kushindiliwa, lakini upepo hukubali. Basi pedali ikiwa laini chini ya mguu kama sponji, upepo umeingia ndani.

Lakini ikiwa pedali huenda chini sana, na ukiipiga mara mbili hupanda na kuwa ngumu kama jiwe, yaelekea viatu vya breki vimelika na viko mbali na dramu. Hapo kutoa upepo ni kupoteza mafuta bure. Inua gurudumu, tafuta skrubu ya kurekebisha nyuma ya bamba lake, kaza mpaka gurudumu likatae kuzunguka, kisha legeza kidogo kidogo mpaka lizunguke huru. Magurudumu mengine yana skrubu mbili. Kazi hii ifanywe kwanza daima.

Pedali inayozama polepole huku umeikanyaga kwa nguvu sawa ina maana mafuta yanapita mahali. Tazama ndani ya kila gurudumu na kila kiungo cha paipu. Kukiwa kukavu kote, shuku raba za masta silinda. Gari likivutwa upande mmoja, chunguza upande wa pili: huenda silinda ya gurudumu imekwama, au mafuta yamelowesha viatu. Ukifungua dramu usipulize vumbi lile, maana viatu vya zamani vingi vilitiwa asbesto inayodhuru mapafu. Lipanguse kwa kitambaa chenye maji.

Sasa kutoa upepo. Simamisha gari mahali tambarare na uweke mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Usitegemee breki ya mkono, kwa sababu katika Land Rover hizi hushika shafti ya nyuma, si magurudumu yenyewe. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, gari laweza kubingirika ingawa umeivuta breki hiyo mpaka mwisho.

Futa vumbi juu ya kopo la mafuta ya breki kabla ya kulifungua, ulijaze. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda; kwa gari la usukani wa kulia ni la nyuma kushoto. Vika mpira mwembamba juu ya nipo, na mwisho wake uuzamishe katika chupa safi yenye mafuta ya breki kidogo. Mtu mmoja akanyage polepole na kushikilia. Wewe fungua nipo nusu mzunguko, mapovu yatoke, kisha funga kabla hajaachia mguu. Akiachia mapema, upepo unarudi ndani na kazi inaanza upya. Kwa hiyo semezaneni kwa sauti. Rudieni mpaka mafuta yatoke bila povu, huku ukiongeza kopo lisishuke chini ya nusu. Tumia spana inayoshika nipo barabara, ya kipimo cha inchi, si ya milimita inayokaribia, maana nipo iliyokatika itakugharimu silinda.

Mafuta yaliyotoka usiyarudishe. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na hilo ndilo jambo la hatari mlimani. Kwa viwango vilivyowekwa, mafuta mapya ya DOT 4 hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakiisha kunyonya maji asilimia 3.7, kiwango hicho hushuka hadi 155. Breki zikipata moto katika mteremko mrefu, mafuta mabovu huchemka na kutoa mvuke, na mvuke hushindilika kama upepo. Ndiyo sababu gari lililoshika vizuri nyumbani hukataa njiani, na likipoa fundi haoni kosa. Badilisha mafuta yote kila miaka miwili, na uteremke kwa gia ndogo.

Usitie mafuta ya injini hata tone. Huvimbisha raba, breki zikashika zisiachie. Wala usihifadhi mafuta ya breki katika chupa ya soda. Ni sumu, na mtoto hatauliza.

Mwisho, kanyaga pedali kwa nguvu na uhesabu hadi 60. Isipozama, endesha polepole uwanjani bila mzigo, ujaribu mara kadhaa, kisha uchungulie tena kila nipo kama ni kavu.