Tuwaache wanafunzi wapange meza zao za uhariri

Pana mazoea yaliyozagaa katika vyumba vya kompyuta vya shule zetu ambayo, kwa maoni yangu, yanawadumaza vijana wanaojifunza kuhariri video. Mwalimu husimama mbele, projekta ikiangaza ukutani, akaamuru: "Tazameni juu upande wa kulia. Bofyeni pale!" Wanafunzi hutii. Ole wake yule ambaye upande wake wa kulia hauna kitu! Huyo hukodoa macho, huinua mkono kwa woga, na aghalabu huambiwa kwamba ameiharibu kompyuta.

Hajaharibu chochote. Aliyeitumia kompyuta hiyo kabla yake, yamkini mwanafunzi wa darasa jingine, alikifunga kidirisha kimoja au alikiburuta hadi pembe nyingine, nayo programu ikauhifadhi mpangilio huo jinsi ulivyoachwa. Kilichopo mbele ya kijana huyu ni meza iliyopangwa na mtu mwingine. Lakini maadamu amefundishwa mahali pa vitu badala ya majina na kazi za vitu, hana namna ya kuipanga upya. Hujitenga kando, na mwenzake mmoja "anayejua kompyuta" hukishika kipanya mpaka filamu ikamalizika. Mpenzi msomaji, hivyo ndivyo chama cha filamu chenye wanachama 30 kinavyoishia kuwa na mhariri mmoja.

Nasema haya nikiwa mlezi wa chama cha aina hiyo. Tangu filamu ziingizwe katika mashindano ya drama ya shule na vyuo nchini, haja ya wahariri chipukizi imeongezeka, na walimu wengi tuliosomea fasihi tumejikuta tukifundisha kazi ambayo haikuwamo katika masomo yetu ya chuoni. Si ajabu basi kwamba tunashikilia njia iliyo nyepesi kwa mwalimu. Hata hivyo, nashikilia kwamba kupanga eneo la kazi katika programu ya uhariri ni somo la kwanza, wala si pambo la kuachiwa mabingwa.

Programu ya kuhariri video ni mkusanyiko wa vidirisha. Chukua mathalani Adobe Premiere, ambayo ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991. Mna kidirisha cha hazina, ambamo picha na sauti zote zilizorekodiwa huorodheshwa. Mna vioo viwili, kimoja cha kutazamia picha ghafi na cha pili cha kutazamia filamu inayojengwa. Chini yake hutandikwa mstari wa wakati, ule mkeka mrefu ambapo vipande hupangwa kimoja baada ya kingine kutoka kushoto kwenda kulia. Zaidi ya hivyo vinne kuna vya madoido, vya rangi, vya maandishi, vya kuchanganyia sauti, na vingine chungu nzima. Haviwezi kuonekana vyote kwa pamoja, hasa katika kompyuta ndogo za mapajani kama zile tulizo nazo shuleni kwetu, zenye skrini ya pikseli 1366 kwa 768. Kimoja kikipanuliwa, sharti kingine kifinywe.

Ufundi wenyewe wa kupanga si mgumu. Kila kidirisha kina kichwa palipoandikwa jina lake. Kishike hapo kwa kipanya, ukiburute juu ya kidirisha kingine, na kivuli cha rangi kitajitokeza kukuonyesha kitakapotua. Ukikiachilia katikati, viwili hivyo vitakaa mahali pamoja, kimoja nyuma ya kingine, kama kurasa za kitabu. Ukikiachilia ukingoni, nafasi itagawanywa na vitakaa ubavu kwa ubavu. Mpaka ulio kati yao waweza kusukumwa huku na huko. Aidha, kuna kitufe kimoja ambacho wanafunzi wangu hukipenda kuliko vyote, nacho ni kile kilicho chini ya Esc. Kishale kikiwa juu ya kidirisha chochote, ukibonyeza kitufe hicho kidirisha kile hutanda skrini nzima. Ukibonyeza tena hurudi kilipokuwa. Kwa mwenye skrini finyu, hiyo ni sawa na kuongezewa chumba.

Yote hayo yaweza kufundishwa kwa dakika 20. Kinachochukua muda, na ndicho chenye thamani, ni swali linalofuata: upange vipi? Swali hilo halijibiki mpaka mwanafunzi ajue anataka kufanya nini.

Msimu mmoja wanafunzi wetu walikuwa wakihariri filamu fupi kuhusu bibi auzaye mboga sokoni. Walikuwa na mahojiano naye na picha nyingi za shughuli zake za mchana kutwa. Siku za mwanzo kazi ilikuwa kuchagua kilicho bora na kukitupa kisichofaa, nami nikawauliza ni kidirisha gani kinachostahili nafasi kubwa. Walinyamaza kidogo, kisha mmoja akasema ni hazina, kwa kuwa haifai kutandika mkeka mpana usio na mtu wa kuukalia. Wakaipanua hazina mpaka picha ndogondogo zikaonekana safu kwa safu, na mstari wa wakati ukabaki ukanda mwembamba. Juma lililofuata, walipoanza kuunganisha, mambo yaligeuka: hazina ikarudi kona, mkeka ukatandikwa.

Ilipofika zamu ya sauti, palitokea jambo lililonifurahisha. Soko lina kelele, nayo sauti ya bibi ilikuwa ikipanda na kushuka. Msichana mmoja wa kidato cha pili alizipanua njia za sauti mpaka mawimbi yake yakaonekana waziwazi, kisha akakivuta kipimo cha sauti kutoka pembe ya mbali ya skrini na kukiweka ubavuni mwa kioo cha filamu. Nilipomuuliza sababu, alisema kwamba hapo awali alipokuwa akiutazama uso wa bibi, alikosa kuona kipimo kikigonga wekundu; sasa aliviona vyote viwili bila ya kuhamisha macho. Hakuna aliyemwelekeza. Aliufikia uamuzi huo kwa sababu aliielewa kazi iliyokuwa mbele yake. Na ye yote aliyewahi kuketi katika ukumbi wa tamasha za shule ajua kwamba filamu nyingi za wanafunzi huangushwa na sauti, si na picha.

Wala hili halikuzuka na kompyuta. Enzi za filamu za utepe mhariri alifanya kazi mezani hasa. Meza za Steenbeck kutoka Ujerumani zilikuwa na sahani za kuzungushia utepe wa picha na utepe wa sauti, na vipande vilivyokatwa vilining'inizwa kwa kulabu juu ya pipa lililotandikwa kitambaa. Mpaka leo katika programu nyingi mafungu ya hazina yanabeba jina la pipa hilo. Walter Murch, Mmarekani aliyejishindia tuzo mbili za Oscar, ya uhariri na ya sauti, kwa filamu ya The English Patient ya mwaka 1996, ni mashuhuri kwa kuhariri akiwa wima. Huilinganisha kazi yake na ya mpasuaji, ya mpishi na ya kiongozi wa okestra, ambao wote hawaketi. Tena alizoea kubandika ubaoni picha tuli kutoka katika kila pigo la kamera, ili filamu nzima imkabili ukutani wakati anapoikata. Ikiwa bingwa wa kiwango hicho aliupanga upya hata mkao wa mwili wake, seuze mwanafunzi anayetaka kusogeza kidirisha?

Mwalimu mmoja ninayemheshimu sana hupinga. Ana wanafunzi 40 na kompyuta 12, naye asema kwamba kila mmoja akipanga apendavyo, somo litageuka gulio. Hoja yake ina uzito, kwa maana anayefundisha mbele ya ukuta huhitaji watu wote waone anachokiona. Dawa yake, nadhani, ni kubadili amri. Badala ya kusema "juu kulia", na aseme "fungueni kipimo cha sauti". Katika Premiere, menyu iitwayo Window huvitaja vidirisha vyote kwa majina, na kilichopotea hupatikana humo. Mwanafunzi ajuaye hilo hatatizwi hata akikabidhiwa kompyuta iliyochezewa na mtoto wa miaka miwili. Kweli, majina yenyewe ni ya Kiingereza cha kiufundi, nao vijana wengi huyakariri bila ya kuyaelewa. Ndiyo maana sisi tulikubaliana darasani juu ya majina yetu: hazina, vioo, mkeka. Wataalamu wa istilahi huenda wakatucheka, ila hatujawahi kukosana kuhusu mkeka ni upi.

La pili ni kuhifadhi. Katika menyu hiyo hiyo mna amri ya kuupa mpangilio jina na kuuweka akiba, na nyingine ya kuurudisha katika hali ulimohifadhiwa. Kdenlive, ambayo ni programu huria isiyolipiwa na inayozifaa shule zisizomudu leseni, nayo imekuwa, tangu toleo lake la Agosti 2020, na mipangilio iliyo tayari kwa kila hatua: kuchagua picha, kuhariri, sauti, madoido na rangi, na mtumiaji aweza kujiongezea wake. Kila mwanafunzi wangu ana mpangilio wenye jina lake. Anapoketi huuita, na kabla ya kuinuka huurudisha ule wa kawaida, kama vile mgeni mwenye adabu anavyozirudisha sufuria za watu mahali pake.

Kuna vyumba vya kompyuta, nami nimewahi kufundisha katika kimoja, ambamo mitambo huyafuta mabadiliko yote mara kompyuta inapozimwa. Nia ni njema, virusi si mchezo. Lakini mwanafunzi hujikuta kila asubuhi anaanza sifuri. Premiere huiweka mipangilio katika faili ndogo ndani ya folda ya mtumiaji, miongoni mwa nyaraka zake, na vitufe vya mkato katika faili nyingine. Zinaweza kunakiliwa kwenye flashi zikabebwa mfukoni. Heri kumwonyesha mwanafunzi folda hiyo mara moja kuliko kumlaumu fundi wa kompyuta mwaka mzima.

Hata hivyo, sitetei uhuru usio na kikomo. Wapo vijana ambao wakipewa saa nzima wataitumia kusogeza vidirisha na kubadili rangi, na mwishowe hawana hata sekunde 10 za filamu. Kwetu hakuna ruhusa ya kupanga mpaka mtu awe ameunganisha dakika mbili za video kwa mpangilio wa kawaida, kwani hapo ndipo atakapojua kilichomkwaza. Vilevile siruhusu vitufe vya J, K na L viguswe. J huirudisha picha nyuma, K huisimamisha, L huipeleka mbele, na kanuni hiyo ni ile ile katika Premiere, Avid, Final Cut na DaVinci Resolve. Ajuaye kuitumia huhama kutoka programu moja hadi nyingine bila ya kuanza upya. (Kwa jambo hili watumiao mkono wa kushoto ndio wenye bahati. Wakishika kipanya kwa kushoto, vitufe hivyo vitatu huwa papo hapo chini ya mkono wao wa kulia. Sisi wengine hubidi kuukatisha mkono kibodi nzima.)

Kwa haki, ni vyema niseme kwamba watengenezaji wa DaVinci Resolve walifuata njia nyingine. Programu hiyo, yenye toleo lisilolipiwa, imegawanywa katika kurasa zilizopangwa chini ya skrini kwa kufuata mkondo wa kazi, kuanzia kupokea picha hadi kuitoa filamu iliyokamilika, na ndani ya kila ukurasa vidirisha hufunguliwa na kufungwa lakini havihamishwi ovyo. Mwalimu mwenye darasa kubwa ataipenda. Nami naipenda kwa wanaoanza, kwa kuwa kurasa zenyewe zinafundisha kwamba uhariri una hatua. Hata hivyo, mwanafunzi anayekuta kila kitu kimeshapangiwa mahali pake haulizi ni kwa nini kimewekwa hapo.

Limebaki suala la mitihani. Nimewahi kuona karatasi ya shule moja ambayo ilichapishwa picha ya skrini yenye mishale, na mtahiniwa alitakiwa ataje kilichopo kwenye kila mshale. Toleo jipya likitoka na kidirisha kikihamishwa, maarifa hayo yote huwa kazi bure. Muhula ujao nakusudia kujaribu mtihani wa namna nyingine. Kila mwanafunzi atakuta skrini iliyovurugwa, nusu ya vidirisha vimefungwa, pamoja na rekodi ya mahojiano ya watu wawili. Atapewa dakika 10 za kuipanga meza, na nyingine tano za kunieleza kila kitu amekiweka hapo kwa nini. Atakayekisogeza kipimo cha sauti karibu na kioo na kunipa sababu yake, nitamjazia alama zote, hata kama skrini yake haifanani na yangu kwa lolote.