Damu ya Baba na Damu ya Mama

Katika mitaa ya Butembo na ya Beni ziko nyumba ambamo mtoto hulia kwa maumivu ya mifupa, macho yake huwa ya manjano, vidole huvimba, naye huongezwa damu mara kwa mara. Majirani hunong'ona juu ya uchawi, na wakwe humtupia mama lawama zote. Lakini ugonjwa huu madaktari wanaujua: ni drepanositosi, ambayo wengi wetu twaiita SS. Katika Kongo mtoto mmoja hadi wawili katika kila mia huzaliwa nao.

Asili yake yajulikana. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago alieleza chembe za damu zilizopindika kama mundu. Mwaka 1949 ikathibitishwa kwamba ugonjwa hurithiwa kwa wazazi wote wawili. Kila mtu hupata sehemu moja kwa baba na moja kwa mama. Mwenye AA hana mbegu ya ugonjwa. Mwenye AS anayo, ila kwa kawaida ni mzima, wala hajitambui. Mwenye SS ndiye mgonjwa. AS imeenea hasa penye malaria nyingi, kwa kuwa huwakinga watoto na malaria kali.

Basi, mama mjamzito atazamie nini aendapo hospitalini kutaka shauri? Aende mapema, tena pamoja na mumewe. Kwanza wataulizwa habari za jamaa: nani alifariki mtoto, nani huumwa mifupa, nani huongezwa damu. Kisha mama hutolewa damu kidogo ikapimwe. Akiwa AS, mume naye hupimwa. Mume akiwa AA, hapana mtoto wao atakayekuwa SS. Wote wawili wakiwa AS, katika kila mimba iko nafasi moja katika nne ya kupata SS, mbili za AS, na moja ya AA. Wasidanganyike: aliyezaa mgonjwa mmoja hakuahidiwa wazima watatu. Kila mimba ina kura yake.

Katika nchi nyingine hupimwa hata maji yamzungukayo mtoto tumboni. Kipimo hicho kina hatari ndogo ya kuharibu mimba, nayo yapasa ielezwe, na wazazi waweza kukataa. Mshauri mwema hatoi amri. Hueleza, husikiliza, na hutunza siri.

Kuna faida gani kujua, ikiwa damu haibadiliki? Faida ni kubwa. Dalili mara nyingi hazionekani katika miezi ya kwanza, lakini tone la damu ya kisigino laweza kumtambulisha mgonjwa mara azaliwapo. Hapo hupewa penisilini hadi miaka mitano, chanjo zote, chandarua na maji ya kutosha. Homa ikimshika, hupelekwa hospitalini siku ile ile. Dawa ya hidroksiurea ilijaribiwa kwa watoto wa Afrika, wa Kinshasa wakiwamo. Matokeo yaliyotangazwa Desemba 2018 yalionyesha kwamba maumivu, malaria na vifo vilipungua.

Enyi akina baba, msimwache mke asimame peke yake mbele ya daktari, wala mbele ya ukoo. Mtoto wa SS amepokea kwa wote wawili. Nanyi wachumba, pimeni damu kabla ya kupeleka mbuzi wa mahari. Kujua mapema ni bora kuliko kulaumiana kando ya kaburi dogo.