Jana alikuwa juu, leo anabeba

Ndugu msomaji, pengine umekwisha kuona katika televizyo wale vijana wa Marekani wanaorukaruka kando ya uwanja wa mpira, wakishika mafungu ya nyuzi zenye kumetameta. Kwetu watu wengi wanafikiri kazi yao ni kutabasamu na kupiga kelele, basi. Wazee wetu wao wanakumbuka animasyo ya wakati wa Mobutu, na mara moja wanakunja uso. Hapana, wazee, si jambo lile.

Ushangiliaji huu, Wamarekani wanauita chialidingi, ulianza kama kelele za kweli. Tarehe 2 mwezi wa 11 mwaka 1898, mwanafunzi mmoja jina lake Johnny Campbell, wa Chuo Kikuu cha Minnesota, alisimama mbele ya watu na kuwaongoza washangilie ekipi yao iliyokuwa inapigwa kila mara. Wakati ule ilikuwa kazi ya wanaume. Wasichana waliingia katika chuo hicho hicho mwaka 1923. Kisha mambo yakageuka: wakaanza kubebana, kurushana juu, kupinduka hewani. Leo kuna ekipi nyingi ambazo hazishangilii mtu yeyote. Zinajifunza mwaka mzima ili ziende kushindana kwa muda wa dakika mbili na nusu hivi mbele ya waamuzi. Mwaka 2021 Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ilikubali kabisa shirikisho la mchezo huo, ingawa bado haujaingia katika michezo ya Olimpiki yenyewe.

Utaniuliza: Pasta, mambo hayo yanatuhusu nini sisi wa migodi? Yanatuhusu, sababu familia nyingi zenye kusema Kiswahili zilitoka Kongo kama wakimbizi na kupokelewa kule Marekani, katika Texas, Kentucky, Ohio na kwingine. Watoto wao wanaingia masomo ya kule, na michezo ya kule. Ndugu mmoja anayeishi Texas aliniuliza kwa simu juu ya binti yake. Msichana alikuwa yule anayesimama juu ya mikono ya wengine. Mwaka mmoja tu akarefuka, mabega yakapanuka, na kwenye majaribio ya kuchagua ekipi kocha akamweka chini, kati ya wale wanaobeba. Alirudi nyumbani, akafunga mlango. Kisha akamwambia baba yake: “Papa, banasema niko muzito. Basi, miye sina tena kitu kule.”

Baba hakujua aseme nini. Njo maana naandika, sababu mtoto huyu hayuko peke yake. Hata hapa kwetu kuna kijana aliyeimba sauti ya juu katika kwaya, na siku moja sauti yake ikavunjika. Kuna mchezaji wa mbele aliyerudishwa kuwa beki. Lakini tubaki kwanza na mchezo wa binti huyu, sababu hatuwezi kumshauri mtu juu ya kazi tusiyoielewa.

Kikundi cha kubebana kwa kawaida kina watu wanne. Mmoja anapanda. Wawili wanasimama wakitazamana, wanashika nyayo zake. Kati ya hao wawili kuna mmoja anayeshika kisigino na vidole, na sehemu kubwa ya uzito inakuja juu yake. Mwenzake anasaidia katikati ya unyayo. Wa nne anasimama nyuma. Yeye anashika vifundo vya miguu, mara nyingi ndiye anayehesabu kwa sauti ili wote wainue pamoja, na yule wa juu akianguka, ndiye anayepaswa kuokoa kichwa na mabega yake. Watazamaji wanamwangalia nani? Yule wa juu. Yeye ndiye anayetabasamu, ndiye anayeonekana katika picha.

Sasa fikiri kile mwili wa msichana huyu ulichojifunza kwa miaka. Alifundishwa kukaza mwili wote sawa ubao, kwa sababu akijilegeza anakuwa mzito mara moja mikononi mwa wenzake. Alifundishwa kutazama mbele, asitazame chini. Tena alifundishwa jambo gumu: akisikia anayumba, asijaribu kujisimamisha mwenyewe, bali awaachie wa chini wamrudishe katikati. Ilikuwa kazi ya kutulia na kuamini.

Akishuka chini, karibu yote yanageuka. Macho yake sasa yanatazama juu, kwa mwenzake, tangu mwanzo mpaka mwisho. Kama mtu anayumba, ni yeye anayepaswa kumfuata. Nguvu inatoka katika miguu. Anayeinua kwa mgongo atalia kesho yake. Mama zetu wanaojitwika bidoni ya maji ya lita 20 wanalijua hilo bila kocha: unapiga magoti, mgongo unabaki wima, kisha miguu inasukuma. Na mikono isichelewe, maana mmoja akiinua mbele ya mwenzake, unyayo unapinda na yule wa juu anaondoka.

Lakini gumu kuliko yote ni kuanguka kwa mwingine. Mtu akianguka kutoka juu yako, mwili wa kila mwanadamu unataka kukimbia. Ni kawaida. Mbebaji anajifunza kwenda kule kule anakoangukia mtu, mikono juu, ili amdake angali juu. Hiyo haiingii kwa siku moja, wala kwa kukemewa. Inaingia kwa kurudia, kwanza chini kwenye magodoro, mtu akisimama kimo cha kiuno tu, kisha kimo cha mabega, na mwisho mikono ikinyooka juu ya kichwa. Kocha anayemrusha mtoto moja kwa moja katika kazi ya juu, eti kwa kuwa alikuwa katika ekipi mwaka uliopita, anakosa. Kuwa hodari juu hakumfanyi mtu kuwa mbebaji. Madaktari wa watoto wa Marekani walioandika juu ya mchezo huu mwaka 2012 walisisitiza jambo hilo: kupanda hatua kwa hatua, mahali palipo laini, na kocha aliyefundishwa. Na uchunguzi uliotolewa mwaka 2016 juu ya wanafunzi wa sekondari ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya maumizo yalitokea katika kubebana. Basi, si mchezo wa kitoto hata kidogo.

Sisi tunaokaa karibu na mashimo tunaelewa nguzo ni nini. Watu wa Kolwezi hawajasahau mwezi wa 9 mwaka 1990, wakati sehemu ya mgodi wa Kamoto ilipobomoka chini ya ardhi. Mpaka siku ile, ni nani aliyekuwa akisifu nguzo? Watu walisema juu ya tani za shaba.

Kijana, ikiwa ni wewe uliyeshushwa, nakuambia kitu kimoja ambacho wengine katika ekipi hawana. Wewe unajua mikono mizuri inasikilika namna gani. Unakumbuka siku ulipokuwa juu, ukasikia kidole cha mbebaji kinateleza, na tumbo likakuruka. Mwenye kubeba tangu mwanzo hajui jambo hilo, anakisia tu. Wewe ukishika unyayo wa mwenzako, unajua wapi pa kukaza. Tena unaweza kumwambia neno moja mbele ya kupanda: “Kaza, usiangalie chini, niko hapa.”

Neno moja, nimesema. Sababu kuna mtego pale. Yule mdogo aliyewekwa juu anajua vizuri anasimama mahali pako. Ukimsahihisha kila dakika, atapanda akiwa na hofu, na mtu mwenye hofu anajilegeza, na mzigo wote unakuja kwako. Mwache kocha aseme yaliyo ya kocha.

Sasa nafika kwa jambo lililonifanya nichukue kalamu upesi. Yule ndugu wa Texas, tulipoendelea kuongea, akasema kidogo kidogo kwamba binti yake ameanza kuacha bukari. Asubuhi anakunywa chai tupu. Usiku anasema amekula kwa rafiki. Mama yake alifurahi kwanza, akaona mtoto anajitunza. Ndugu, hapana! Mtoto alikuwa anajaribu kurudi kwenye mwili wa mwaka uliopita ili apandishwe tena. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha South Carolina waliandika mwaka 2012 kwamba, kati ya washangiliaji wa vyuo waliowauliza, karibu mmoja juu ya watatu alikuwa katika hatari ya ugonjwa wa kujinyima chakula ao kukitapika. Si ugonjwa wa wazungu, kama wengine wanavyosema kwetu. Unaharibu mifupa, unasimamisha damu ya mwezi, unachosha moyo, na kuna waliokufa nao.

Msichana wa miaka 14 ao 15 anakua. Urefu ule haurudi. Na tazama jambo lenyewe: mbebaji asiyekula, magoti yake yanatetemeka katika dakika ya pili, na juu ya mikono yake kuna mtoto wa mtu. Wazazi, msiseme neno juu ya kilo zake mezani, hata kwa mzaha. Shangazi na wajomba pia wanyamaze, wale wenye desturi ya kusalimia watu kwa kuwaambia wamenenepa. Mkiona anakula kwa siri ao hali kabisa, mpelekeni kwa daktari, na mwambieni kocha. Nilimwambia baba yule afanye vile juma lile lile, na alifanya.

Kwa kocha muulizeni maswali yaliyo wazi. Kwa nini amewekwa chini: ni urefu, ni nguvu, ao kuna kitu kingine? Nani atamfundisha kubeba, na tangu lini? Kocha mzuri atajibu bila hasira, na hatamwambia mtoto kwamba ni mzito. Atamwambia ana nguvu ambayo ekipi inaihitaji chini. Maneno haya mawili si sawa hata kidogo. Wakati upo: kwa kawaida kule ekipi nyingi zinachaguliwa mwezi wa 4 ao wa 5, na mashindano makubwa yanakuja kati ya mwezi wa 2 na wa 4 wa mwaka unaofuata. Kama mtoto ataomba kuacha, msimkatalie mara moja, lakini mwambieni ajaribu kwanza miezi miwili ya mafunzo. Wengine wanaacha kweli na kuingia mchezo mwingine, na si aibu.

Vijana wanapenda kuuliza kama kuna mtu mkubwa aliyepita njia hii. Yuko mmoja, ingawa yeye alipita kwa mlango wa pili. Dwight Eisenhower alikuwa mchezaji wa mpira wa Kimarekani katika masomo ya jeshi ya West Point. Mwaka 1912 goti lake liliharibika, na kucheza kukaisha. Alihuzunika sana. Kisha akaingia kati ya wale wanaoongoza kushangilia, akawafundisha mpira wachezaji wadogo. Baadaye alikuja kuwa jenerali wa vita ya pili na rais wa nchi yake, kuanzia 1953 mpaka 1961. Sisemi kushangilia kulimfanya rais! Nasema tu kwamba alibaki uwanjani akiwa na kazi nyingine.

Na wewe papa wa Texas, siku ya mashindano usimtafute binti yako juu, kule macho yako yalikozoea. Hutamwona. Tazama chini, upande aliokuambia, miguu yake kama inatembeatembea ao imesimama, maana waamuzi nao wanaiangalia miguu ile, na mtu akianguka wanakata pointi kwa kikundi chote. Piga makofi yule mwingine anaposhuka salama. Na mchukue chakula cha kutosha katika motokari, sababu wabebaji wanatoka pale na njaa kali.