Bia kali yenye hopsi: Yapi ya kuzingatia katika joto la Palma?

Anayetaka kujitengenezea bia kali na chungu nyumbani mjini Palma, kaskazini mwa Cabo Delgado nchini Msumbiji, hukumbana kwanza na ukweli kwamba viungo viwili vikuu vya bia hiyo havistawi huko. Shayiri hupenda baridi. Hopsi, mmea utambaao ambao maua yake huipa bia uchungu na harufu, huhitaji siku ndefu za kiangazi ili uchanue vyema, ilhali Palma iko takriban nyuzi 11 kusini mwa ikweta, ambako mchana haurefuki sana. Hopsi na kimea cha shayiri hutoka ng'ambo. Muhogo, kwa upande mwingine, haukosekani.

Muhogo hutoa bia halisi. Mwaka 2011, kampuni ya Cervejas de Moçambique ilianza kuuza Impala, bia ambayo sehemu yake kubwa ni muhogo. Ila muhogo peke yake hauchachuki vizuri, kwa kuwa wanga wake lazima ugeuzwe sukari kwanza, na kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya vilivyomo katika kimea. Kwa lita 20 za bia, kilo 4.5 za kimea cha shayiri na kilo 1.2 za unga wa muhogo zinatosha. Unga hupikwa uji kwanza, kisha huchanganywa na kimea kilichopondwa na kuachwa saa nzima katika joto la nyuzi 65 hivi. Joto likizidi sana, vimeng'enya hufa na utamu haupatikani.

Ukali wa bia hutokana na sukari hiyo. Togwa iliyochujwa hupimwa uzito ikilinganishwa na maji: ikianza na 1.061 na kuishia 1.012 baada ya kuchachuka, tofauti yake, 0.049, huzidishwa kwa 131, na jibu ni kileo cha asilimia 6.4 hivi. Bia nyingi za dukani huwa karibu na asilimia 5.

Uchungu nao una hesabu yake. Gramu 30 za hopsi kali zikichemshwa katika togwa kwa saa moja hutoa uchungu mwingi, lakini harufu yake hupotea na mvuke. Ndiyo maana gramu nyingine 30 hutiwa dakika 10 kabla ya kuepua, na 60 za mwisho baada ya bia kupoa na kuchachuka. Hopsi zilizokaa rafu ya duka kwenye joto hazifai kitu; mahali pake ni kwenye jokofu, ndani ya mfuko usiopitisha hewa.

Hamira ya kawaida ya bia za namna hii hupenda nyuzi 18 hadi 20, joto ambalo Palma ni nadra kulipata. Ikizidiwa na joto, huacha ladha kali isiyopendeza. Suluhisho la busara ni hamira ya jadi ya Norway iitwayo kveik, inayofanya kazi vizuri hata kwenye nyuzi 35.

Hata hivyo, hakuna hesabu inayoweza kuokoa unga mbovu. Januari 2015, huko Chitima, mkoani Tete, watu 75 walifariki dunia na wengine 177 kulazwa hospitalini baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Mwanzoni ilivumishwa kuwa ni nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara ulibaini asidi ya bongkreki, sumu inayotengenezwa na bakteria aitwaye Burkholderia gladioli, na unga wa mahindi uliotumika ulikuwa umeharibiwa na mafuriko. Sumu hiyo ilijulikana kwanza Indonesia, katika chakula cha machicha ya nazi yaliyochachushwa, jambo ambalo watu wa pwani yenye minazi hawapaswi kulipuuza.

Sumu hiyo haina harufu wala ladha, na kuchemsha hakuiondoi. Hopsi huzuia baadhi ya bakteria wanaoharibu bia, lakini si wa aina hii. Unga uliolowa na kuota ukungu hutupwa, hata kama ni gunia zima. Miongoni mwa waliokufa Chitima alikuwamo mwanamke aliyeipika pombe ile.