Majengo ya zamani ya Likasi: mabati nani atalipa?

Mwaka wa 2007 mpiga picha Guy Tillim wa Afrika Kusini alipita Likasi. Picha moja aliyotoka nayo inaonyesha wapiga mashini ndani ya ofisi, na ile picha imetembea Ulaya na Marekani kuliko wengi wetu. Wageni wanaiangalia na kusema ni nzuri. Mukaaji wa Likasi yeye anauliza: mvua ikinyesha, hapo ndani hapavuji?

Hilo ndilo swali wasanifu majengo, ba-arshitekte kama tunavyowaita huku, wanalipeleka kwa Leta wanapodai feza ya kujenga na kutunza. Watu wengi wanafikiri wanaomba kazi yao tu. Kazi wanaitaka, ni kweli. Lakini tuangalie kwanza vile majengo yetu yalifika hapa.

Muji huu, ulioitwa Jadotville tangu 1931 mpaka 1966, ulijengwa na feza ya shaba. Union Minière, na kisha Gécamines, ndiyo ilikuwa na viwanda, kambi za wafanyakazi, mashule, hospitali. Bati likitoboka, kampuni inatuma fundi. Hakuna aliyehitaji kuuliza bujeti iko wapi. Halafu miaka ya 1990 Gécamines ikaanguka. Nyumba za kambi ziliuzwa kwa wafanyakazi wenyewe, watu waliokuwa wanangoja mishahara ya miezi na miezi. Mutu akapata ukuta, feza ya kuutunza hakupata. Na majengo ya watu wote yakabaki na lile neno tunalolijua: « Nyumba ya Leta haina mwenyewe. »

Sheria iko. Katiba, kifungu cha 46, inasema Leta inalinda urithi wa utamaduni wa taifa. Ordonansi-sheria namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 inaruhusu jengo kuandikwa kati ya mali za kulindwa. Ila karatasi haizibi tundu. Hata kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, Congo ina mahali patano: Virunga, Garamba, Kahuzi-Biega, Salonga na Okapi. Yote ni pori na wanyama. Hakuna hata nyumba moja. Asmara, mji mkuu wa Eritrea, uliingia mwaka wa 2017 kwa sababu ya majengo yake ya wakati wa Waitalia, na majengo hayo ni ndugu wa yale tunayopita kila siku.

Feza basi itatoka wapi? Katiba inasema 40 % ya mapato ya taifa ni ya majimbo, na 10 % inaenda kwa Kasha la Taifa la Perekwasio kwa ajili ya miradi ya ujenzi. Majimbo yanalalamika tangu zamani kwamba 40 % haifiki yote. Mlango ulio karibu na sisi ni ule wa Kodi ya Madini ya 2018: kwa kila malipo ya redevansi, 50 % ni ya Kinshasa, 25 % ya jimbo, 10 % ya mfuko wa vizazi vijavyo, na 15 % ya muji, komini au sekta ambamo mgodi uko. Kwa muji wenye komini nne zilizozungukwa na migodi, ile 15 % si mchezo. Ile programu kubwa ya mashule na vituo vya afya, ya zaidi ya dola bilioni 1.6, iliandikwa kwa teritware 145. Likasi ni muji, si teritware, kwa hiyo tusiingoje.

Ufundi wenyewe ni rahisi kuelewa. Mfereji wa bati ukiziba, maji yanashuka ndani ya ukuta. Yakifika kwa chuma ndani ya betoni, chuma kinashika kutu, kinavimba, kinapasua betoni. Mwaka wa kwanza ni kazi ya fundi mmoja na ngazi. Mwaka wa ishirini ni kazi ya mamilioni, au ya kubomoa. Zanzibar waliona: Beit al-Ajaib, jumba la mwaka wa 1883, lilianguka tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa ndani wanalitengeneza, na watu wawili wakafa. Feza ya Oman ilikuwa imekuja. Ilichelewa.

Kuna wanaosema: tuchunge majengo ya mukoloni ya nini, na watoto wanasomea chini? Neno hilo lina uzito. Wazungu walikaa mjini, babu zetu wakawekwa Kikula. Lakini matofali nani aliyabeba? Na jengo lenye ukuta mzuri, ukilirudishia paa, ni shule tayari. Mimi ninaona hiyo ndiyo hoja yao yenye nguvu kuliko ile ya uzuri.

Lubumbashi ilianza kwa kuhesabu. Mwaka wa 2008 kilitoka kitabu juu ya majengo ya muji ule, ambamo alifanya kazi Johan Lagae, mwalimu wa chuo kikuu cha Gand, pamoja na watu wa hapa. Likasi nayo inaweza kuanza na daftari: jengo gani, la nani, paa liko namna gani. Na wakati komini inapanga bujeti ya mwaka, mukaaji ana haki ya kumuuliza burgumestre: mustari wa matengenezo uko ukurasa gani, na umeandikwa franga ngapi?