Mboji ya minyoo: tulianza kwa kukosea

Na Mratibu wa Miradi ya Dayosisi



Kamati za sharika kadhaa za mjini zimetuuliza kuhusu ndoo ya minyoo iliyopo katika jiko la ofisi yetu. Je, mtu anayeishi chumba cha kupanga, asiye na mahali pa kuchimba shimo la mboji, anaweza kupata mbolea kwa ajili ya mchicha wake wa kwenye viroba? Jibu ni ndiyo. Lakini kabla hatujawaomba wafadhili fedha za ndoo nyingine, ni vema tuseme ukweli: minyoo wetu wa kwanza walikufa katika wiki ya tatu.

Tuliwapa mabaki yote ya chakula cha mchana: ugali, wali na mifupa ya samaki. Chakula kilizidi uwezo wao, kikaoza, kikatoa joto na harufu. Asubuhi tuliwakuta sakafuni, wamekufa.

Ni minyoo gani?

Si minyoo wa tumboni, wala hawaishi ndani ya mwanadamu. Ni wale wadogo wekundu wanaopatikana juu juu katika samadi na majani yanayooza. Minyoo wakubwa wanaochimba chini shambani hawafai.

Jinsi ya kuandaa

Chukua ndoo ya lita 20 yenye kifuniko. Toboa matundu madogo ubavuni kwa ajili ya hewa, na mengine chini ili maji yatoke, kisha iweke juu ya sahani pana. Jaza nusu ya ndoo kwa magazeti au maboksi yaliyochanwa, kuloweshwa na kukamuliwa mpaka yasichuruzike. Ongeza konzi moja ya udongo. Iweke kivulini, minyoo hawa hustawi katika nyuzi joto 15 hadi 25.

Jinsi ya kulisha

Robo kilo ya minyoo waliozoea hula kama gramu 100 kwa siku, yaani maganda ya ndizi mbili au tatu. Anza na nusu ya kiasi hicho. Maganda ya matunda na viazi, majani ya chai na maganda ya mayai yaliyopondwa yanafaa. Nyama, samaki, mafuta, maziwa na vyakula vya chumvi havifai. Fukia chakula chini ya karatasi ili nzi wasije. Ukisikia harufu mbaya, acha kulisha na uongeze karatasi kavu.

Baada ya miezi mitatu hadi sita utaona mboji nyeusi yenye harufu ya udongo. Isogeze upande mmoja, weka karatasi mpya na chakula upande wa pili. Minyoo watahamia huko wenyewe. Changanya debe moja la mboji na madebe manne ya udongo.

Ombi letu kwa kamati

Ndoo moja haimalizi taka zote za familia, na tusiwaahidi watu hivyo. Kila kamati ianze na ndoo moja kwa miezi mitatu, ikiandika kila siku kilichowekwa ndani. Ndoo yetu ya pili inaendelea vizuri kwa sababu yupo mtu mmoja anayeifunua kila asubuhi. Ndugu wafadhili, ndoo ni bei nafuu. Tunachohitaji kwanza ni mtu huyo katika kila usharika.